Kiwambo Kimekufa: Nafasi ya Msamiati wa Dalili katika Uchunguzi wa Viwambo vya Bei Nafuu

Utangulizi

Katika masoko ya mashambani kama Mbumbuni, Kaunti ya Makueni, kompyuta moja ya mezani hubeba mzigo mkubwa. Hiyo ndiyo ichapayo barua ya mwombaji kazi na mtihani wa shule jirani, na hiyo hiyo ndiyo imfungulie mwananchi huduma za eCitizen na iTax. Aghalabu kiwambo cha kompyuta hiyo ndicho sehemu iliyonunuliwa kwa bei ya chini kuliko zote, mara nyingi kikiwa kimekwishatumika kwingine. Kikiharibika, mwenye nacho hutamka neno moja: kimekufa. Hapo hukipakia katika matatu kwenda Wote au Machakos, akalipa nauli na ada ya uchunguzi, pengine aambiwe kwamba waya ulikuwa umelegea tu. Au hukiweka stoo kisirudi tena mezani.

Makala haya yanashikilia kwamba hasara ya kwanza katika kisa kama hicho ni ya lugha. Neno "kimekufa" huficha hitilafu tano au sita zisizohusiana, na Kiswahili kina vitenzi vya kuzitenganisha.

Kuhusu neno lenyewe

Istilahi za kompyuta zimewashughulisha wanaisimu wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Tarakilishi na ngamizi zilishindana na kompyuta. Shule za Kenya zikaipenda tarakilishi, ilhali Tanzania ikabaki na kompyuta. Mjadala huo ulikuwa na manufaa yake, ila ulielemea mno upande wa nomino. Kifaa kinapoharibika, jina lake halimsaidii fundi. Anachohitaji ni kitenzi: kinafanya nini?

Hata hivyo, nomino kiwambo inastahili kuangaliwa, kwa kuwa imebahatika kuliko nyingi. Inatokana na kuwamba, yaani kuvuta na kukaza ngozi juu ya mzinga wa ngoma. Ngozi ya ngoma hailii mpaka ipigwe. Vivyo hivyo, bamba la fuwele lililo mbele ya kiwambo cha kisasa halitoi nuru yake lenyewe. Nyuma yake kuna taa, na kazi ya bamba ni kuziba au kupitisha nuru ya taa hiyo, nukta kwa nukta. Anayeelewa jambo hili moja amekwisha kuelewa nusu ya uchunguzi, kwa maana picha inaweza kuwapo ilhali nuru haipo.

Giza si moja

Kiwambo cheusi ndicho kinachowatisha watu zaidi, na ndicho kinachohitaji maelezo makini zaidi. Swali la kwanza linahusu kitaa kidogo kilicho kando ya kitufe cha kuwashia. Kisipowaka kabisa, tatizo liko upande wa umeme: soketi, waya, au saketi ya ndani inayogawa umeme. Soketi na waya hupimwa bila gharama, kwa kuvijaribu na kifaa kingine.

Kitaa hicho kikiwaka rangi ya machungwa, au kikipepesa kama jicho lenye usingizi, kiwambo ni kizima nacho kinangoja. Hakipati ishara kutoka kwa kompyuta. Ndipo panapofaa kuukaza waya wa picha pande zote mbili, kuuangalia kama una pini iliyopinda, na kukiunganisha kiwambo na kompyuta nyingine kabla ya kukilaumu.

Giza la tatu ndilo linalostahili kufundishwa zaidi, maana huwadanganya hata wazoefu. Kitaa kinaonyesha kwamba kiwambo kinafanya kazi, kompyuta inasikika ikifunguka, lakini kioo ni cheusi. Chumba kitiwe giza, kisha kioo kimulikwe kwa tochi kwa pembe ya mshazari. Endapo picha itaonekana kwa mbali, imefifia kama maandishi ya penseli, basi bamba la fuwele ni zima na kilichozimika ni taa ya nyuma au saketi inayoiwasha. Katika viwambo vya zamani taa hizo ni mirija myembamba inayohitaji volti mia kadhaa. Vile vilivyoenea tangu takriban mwaka 2010 vina taa za LED.

Ipo pia hali ya picha kutokea kwa sekunde moja au mbili kisha ikatoweka. Katika viwambo vya mirija, hiyo ni dalili ya mrija uliochoka au saketi yake: kiwambo huhisi kasoro na kujizima kwa usalama. Hali hii si sawa na ile ya kiwambo kinachochelewa, ambacho hupepesa mara kadhaa asubuhi kabla ya kutulia, na kila wiki muda wa kungoja unazidi. Kuchelewa huku mara nyingi husababishwa na kapasita zilizovimba vichwa. Miaka ya mwanzo ya 2000 soko la dunia lilijaa kapasita mbovu, na vifaa vingi vya wakati huo viliharibika mapema kwa sababu hiyo. Kapasita yenyewe ni ya bei ndogo, na fundi wa redio anayejua kulehemu anaweza kuibadilisha. Tahadhari hapa ni ya lazima: saketi ya umeme huhifadhi chaji hata baada ya waya kuchomolewa, kwa hiyo asiye fundi asikifungue kiwambo.

Picha ipo, lakini imeharibika

Rangi zikibadilika, watu husema kiwambo "kimechuja" kama kitenge cha bei rahisi. Usemi huo unapendeza, ila haumwelekezi fundi. Waya wa VGA, ulio na pini 15, hupitisha nyekundu, kijani na buluu kila moja katika njia yake. Njia moja ikikatika, ukurasa mweupe hugeuka rangi kwa namna inayotabirika. Ikikosekana buluu huwa wa manjano. Ikikosekana kijani huwa wa waridi iliyokolea. Ikikosekana nyekundu huwa wa buluu-kijani. Kwa hiyo anayesema "karatasi imekuwa ya manjano" amemwambia fundi mengi kuliko anayesema "rangi zimeharibika".

Kiwambo nacho kina shahidi wake wa ndani, yaani menyu inayotokea vitufe vyake vinapobonyezwa. Menyu hiyo huchorwa na kiwambo chenyewe, haitoki kwa kompyuta. Iwapo menyu ina rangi sahihi na imetulia ilhali picha nyingine imepauka au inatetemeka, kosa liko kwenye waya au kompyuta. Iwapo mstari unaosumbua unaikata na menyu pia, kosa ni la kiwambo. Njia nyingine ni kuiagiza kompyuta ihifadhi picha ya kile inachokionyesha, kisha picha hiyo ifunguliwe kwenye simu. Mstari ukionekana na huko, kiwambo hakina hatia.

Maandishi yaliyotota kama wino kwenye karatasi mbichi mara nyingi hayatokani na ubovu wowote. Kila kiwambo bapa kina idadi yake maalumu ya nukta, kwa mfano 1366 kwa 768, na kompyuta ikipangwa kwa idadi nyingine, herufi hupoteza makali. Marekebisho hufanywa katika mipangilio ya kompyuta.

Ubovu na unyonge

Hapa pana tofauti ambayo wauzaji huipenda na wanunuzi huichukia. Viwambo vingi vya bei nafuu hutumia bamba la aina ya TN. Ukiliangalia kwa chini, picha hugeuka nyeusi. Ukiliangalia kwa juu, hupauka. Huo si ubovu. Ndivyo lilivyoundwa, na hakuna fundi wa kuliponya. Hali kadhalika nuru inayovuja kidogo pembezoni katika chumba chenye giza.

Nukta zilizokwama zina sheria zake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13406-2 cha mwaka 2001, katika daraja lake la pili ambalo watengenezaji wengi walilifuata, kiliruhusu katika kila nukta milioni moja nukta 2 zinazowaka daima, 2 zilizozimika daima, na 5 zenye kasoro katika sehemu ya rangi. Kiwambo cha 1366 kwa 768 kina nukta 1,049,088, hivyo nukta moja nyeusi haikutosha kumpa mnunuzi haki ya kukirudisha. Kiwango hicho kilifuatwa na mfululizo wa ISO 9241 mwaka 2008, lakini madaraja ya kuvumilia kasoro yaliendelea. Busara kwa mnunuzi wa Mbumbuni ni kuomba kiwambo kiwashwe dukani kwa dakika kumi, kionyeshe ukurasa mweupe, kisha mweusi, kisha mwekundu, kijani na buluu, kabla fedha hazijatoka mfukoni. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

Doa jeusi linaloenea kama damu iliyovilia chini ya ngozi ni habari nyingine. Bamba limepasuka kwa ndani, na bamba jipya kwa kawaida hugharimu karibu sawa na kiwambo kizima cha mitumba.

Maelezo ya simu

Mtu akimpigia simu fundi aliye Wote na kusema kiwambo kimekufa, fundi hana la kujibu ila "kilete". Akisema kwamba kitaa kinawaka, picha hutokea sekunde mbili kisha hutoweka, na kwa tochi herufi zinaonekana, fundi atajua kabla ya kukigusa kwamba bamba ni zima, ataje bei ya makisio, na kushauri kama safari ina faida. Na ikiwa haina, kiwambo cha mirija kisitupwe shimoni pamoja na maganda ya mahindi wala kuchomwa, kwa kuwa mirija hiyo ina zebaki.