Lenzi Pana Kupindukia: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Mwenye Kamera ya Renjifainda

Haya ni kwa anayepiga picha kwa filamu ya milimita 35, mwenye Leica M, Bessa, Zeiss Ikon au Zorki, na ambaye sasa anatamani lenzi ya milimita 21 kushuka chini. Ya 21 huona nyuzi 91 kutoka pembe hadi pembe ya picha. Ya 18 huona nyuzi 100, ya 15 huona nyuzi 110, na ya 12 hupita nyuzi 120. Bei zake si ndogo, na nyingi huishia kabatini kwa sababu mnunuzi hakujiuliza maswali mapema.

USINUNUE lenzi pana ili kila kitu kiingie kwenye picha. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo linalowarudisha watu dukani kuuza. Kila kitu kikiingia, kila kitu kinakuwa kidogo: mlima unageuka kichuguu, umati unageuka vidoadoa, na nusu ya filamu inabaki kuonyesha anga na lami. Lenzi pana ni lenzi ya kusogelea. Inunue ikiwa uko tayari kusimama hatua moja tu kutoka kwa kitu unachokipiga na kukiacha kitawale picha, huku mazingira yake yakijipanga nyuma. Au inunue ikiwa mahali unapopiga hapana nafasi ya kurudi nyuma: kichochoro cha Lamu, sitaha ya jahazi, chumba cha fundi cherehani chenye mashine tatu na wateja wanne. Kama unachopenda ni mandhari ya mbali, baki na 35 au 50 uliyo nayo.

ANZA na 21. Kutoka 28 kwenda 21 ni kutoka nyuzi 75 kwenda 91, na jicho linazoea. Jeanloup Sieff, mpiga picha Mfaransa, alijulikana kwa picha zake za 21, na ukizitazama utaona kazi ya mtu aliyeielewa lenzi moja mpaka mwisho. Ya 15 iwe ya pili. Ya 12 waachie wapigaji wa majengo na vyumba.

NUNUA lenzi na kidirisha chake cha kutazamia kwa pamoja, na ulizia bei ya vyote viwili kabla hujatoa pesa. Leica M3 ya 1954 ina mistari ya fremu za 50, 90 na 135 tu. M2 ilishuka hadi 35, na M6 inaishia 28. Hakuna Leica M ya filamu inayokuonyesha 21 ndani ya kidirisha chake yenyewe. Bessa R4A na R4M ndizo zilizotengenezwa na mstari wa 21 ndani, na kama lenzi yako kuu itakuwa 21, mojawapo ya hizo inastahili kufikiriwa kabla ya Leica. Kwa wengine wote, kidirisha cha nje kinachochomekwa juu ya kamera ni lazima. Wauzaji wengi huvitenganisha, kwa kuwa kidirisha peke yake kina soko lake.

USIKUBALI kidirisha cha 21 kwa lenzi ya 15 kwa ahadi kwamba utakisia kinachobaki. Kwa upana huo hutakisia, utabahatisha. Na kumbuka kwamba kidirisha hukaa juu ya lenzi: ukikaribia kitu, kile unachokiona kwenye ukingo wa juu wa kidirisha hukatwa kwenye filamu. Acha nafasi juu.

USIIOGOPE lenzi isiyounganishwa na renjifainda. Wapo wanaoikataa Voigtländer 15 f/4.5 ya kwanza, iliyotengenezwa na Cosina wa Japani na kutoka mwaka 1999, kwa sababu hiyo tu. Wengine huikataa Russar MR-2, ile 20 f/5.6 ya Kisovieti iliyobuniwa na Mikhail Rusinov. Sababu haina uzito. Weka lenzi ya 15 kwenye f/8, zungusha umbali hadi mita moja, na kila kitu kuanzia kama nusu mita hadi upeo wa macho kitatoka kikiwa kimekolea. Ya 21 kwenye f/8, ukiiweka mita mbili, inashika kuanzia kama mita moja. Renjifainda nyingi zenyewe haziwezi kupima chini ya sentimita 70, na za zamani hukomea mita moja, kwa hiyo kwa lenzi hizi zinaachwa nyuma hata zikiwa zimeunganishwa. Cosina walilielewa hilo vizuri: mwaka huohuo wa 1999 walitoa Bessa L, kamera yenye mita ya mwanga lakini isiyo na renjifainda wala kidirisha, kwa ajili ya lenzi pana za namna hii.

Ila TAZAMA pete ya umbali kabla ya kila picha. Pete ya lenzi ndogo huguswa na kidole, ikasogea, na hakuna kitu kwenye kidirisha kitakachokuonya. Na ukinunua 21 ya f/2.8 kwa ajili ya jioni, hesabu inabadilika: ikifunguliwa yote, umbali wa kukoleza hadi upeo wa macho unapita mita 5. Hapo unahitaji renjifainda iliyosahihishwa na fundi.

USILIPIE dawa ya ugonjwa usio wako. Kamera ya renjifainda haina kioo cha kupinduka kama SLR, kwa hiyo mbunifu anaweza kusogeza vioo vya nyuma vya lenzi hadi karibu na filamu. Ludwig Bertele alilitumia hilo katika Biogon 21 f/4.5 ya Contax mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ndiyo maana lenzi za ukoo huu huchora mistari iliyonyooka kweli. Miale ya pembeni hufika kwenye filamu kwa mlazo mkali, na filamu haijali. Sensa ya kidijitali inajali sana: pembe zinageuka urujuani. Kwa hiyo Voigtländer walitoa toleo la tatu la 15 mwaka 2015, kubwa na zito zaidi, lililobuniwa upya ili kuzifaa sensa. Wewe unatumia filamu. Chukua la kwanza au la pili. La kwanza ni la skrubu ya M39, dogo sana, na halina nafasi ya kufungia filta. La pili ni la mdomo wa M, limeunganishwa na renjifainda, na linapokea filta ya milimita 52. Anayepiga nyeusi na nyeupe na kutumia filta ya njano au nyekundu achukue la pili bila kusita.

Lenzi ya skrubu kwenye Leica M inahitaji adapta yenye unene wa milimita 1 kamili. USINUNUE adapta iliyo rahisi kuliko zote. Ikipungua au kuzidi unene hata kidogo, namba za umbali kwenye pete ni uongo, na kwa lenzi isiyounganishwa namba hizo ndizo pekee ulizo nazo.

KAGUA kioo cha nyuma cha lenzi dhidi ya mwili wa kamera yako kabla ya kuichomeka. Leica M5 na CL zina mkono wa mita ya mwanga unaosimama mbele ya shata, na lenzi kadhaa za zamani zenye kioo kirefu nyuma zinaweza kuuvunja. Soma kitabu cha maelekezo cha kamera, usisikilize mtu wa kaunta. Kwenye M6, Super-Angulon 21 f/3.4 inaingia vizuri lakini kioo chake cha nyuma huivuruga mita, na usomaji wake haufai kuaminiwa. Chukua mita ya mkononi. Na hata pale mita ya kamera inapofanya kazi, usiipimie mwanga huku anga limejaa kwenye picha. Inamisha kamera uipimie ardhi, kariri jibu, kisha inua.

KUBALI kwamba pembe zitakuwa na giza. Hii ni fizikia, si uzembe wa kiwanda. Kwa lenzi ya 15 ambayo mbunifu hakuisaidia kwa lolote, mwanga unaofika pembeni kabisa ni kama sehemu moja ya kumi ya ule wa katikati; kwa ya 21 ni chini kidogo ya robo. Wabunifu wana mbinu za kupunguza pengo hilo, lakini hawaliondoi. Zeiss Hologon 15 f/8, iliyotoka kwa Leica M mwaka 1972, haina hata tundu la kurekebisha: ni f/8 daima, na filta yake iliyokoza katikati ili kusawazisha inakula hatua mbili zaidi. Ni chombo cha mkusanyaji. Kwa kazi, tumia filamu ya negativu, ambayo husamehe. Slaidi haisamehe. Wala USIFUNGE filta ya polaraiza kwenye lenzi pana hivi: anga litatoka na bonge moja la bluu nzito upande mmoja na weupe upande mwingine.

SHIKA kamera sawa. Chukua mlango mkubwa wa nakshi na usimame mbele yake na lenzi ya 15. Ukiinua kamera kidogo tu ili upate kizingiti cha juu, miimo miwili inaanza kuegemeana, na nyumba nzima inaonekana ikianguka kinyumenyume. Usiinue. Piga goti au simama juu ya kitu mpaka kamera iwe kwenye nusu ya kimo cha mlango, usawa na ardhi kwa kipima maji kidogo kinachochomekwa juu ya kamera, na miimo itasimama wima kama fundi alivyoisimamisha. Gharama yake ni kwamba ardhi ya mbele itajaa theluthi ya picha. Basi iwe na kitu: baraza, viatu vilivyovuliwa, kivuli. Kama haina kitu, sogea mbele.

USIMWEKE mtu ukingoni. Lenzi iliyosahihishwa vizuri hunyoosha mistari kwa kuvuta maumbo, na kwenye ukingo wa kulia au kushoto wa 15, kichwa cha mtu hutanuka kwa upana kama mara moja na nusu kuliko kwa kimo. Hiyo si kasoro ya lenzi yako, na hakuna lenzi ghali zaidi itakayoiondoa. Mama aliyekubali kupigwa picha hastahili kurudishiwa uso wa namna hiyo. Mlete katikati, au mwache nje kabisa.

ONDOA vidole, mkanda wa kamera na ncha za viatu vyako. Ya 12 inaviona vyote.

Kwa mnunuzi wa pwani, ANGAZA tochi ndani ya lenzi na ndani ya kidirisha cha nje pia. Unyevunyevu wa Mombasa, Tanga na Unguja hulea kuvu kwenye vioo, na watu hukagua lenzi wakasahau kidirisha. Nyuzi nyembamba kama za buibui maana yake irudishe. Vumbi kidogo halidhuru.

Mwisho, PIGA roli moja ndani ya muda wa kurudisha. Tafuta ukuta wa matofali, weka kamera kwenye tripodi sambamba nao, upige kwa f/5.6 na f/11, kisha tazama negativu kwa kikuzio. Linganisha ukingo wa kushoto na wa kulia. Kama upande mmoja ni laini na mwingine umekolea katika picha zote mbili, kioo kimoja ndani kimehama kutoka mahali pake, na lenzi hiyo irudi ilikotoka siku hiyohiyo.