Kihariri cha API Kwenye Kivinjari: Kipime Kabla Hujahamia

Vihariri vya kuandikia maelezo ya API ndani ya kivinjari sasa ni vingi, na karibu vyote vinapendeza macho. Kabla timu haijahamia kimoja, kipime hivi.

1. Kipe faili lako. Swagger Editor hufunguka na Petstore, duka la kubuni la wanyama ambalo halimshindi mtu. Bandika API halisi ya kazini, ile yenye maelfu ya mistari, kisha uandike. Herufi zikichelewa kutokea, achana nacho.

2. Uliza kinakubali toleo gani la OpenAPI, muundo wa kuandikia maelezo ya API. Hapa ndipo wengi hukwama. OpenAPI 3.1, iliyotoka Februari 2021, ililinganishwa kikamilifu na JSON Schema: `nullable` ya 3.0 ikaondoka, na sasa thamani inayoweza kuwa tupu huandikwa `type: ["string", "null"]`. Andika mstari huo kwenye faili la 3.1. Kihariri kilichobaki nyuma kitaupigia mstari mwekundu ilhali uko sahihi, na utapoteza asubuhi nzima kutafuta kosa lisilokuwepo.

3. Kosea makusudi. Vunja `$ref` moja. Fananisha `operationId` mbili. Weka mfano wa namba ya simu, 0712345678, bila alama za nukuu: YAML inaweza kuisoma kama namba na sufuri ya mbele ikapotea. Kihariri kizuri hukuonyesha kosa kwenye mstari wake ungali unaandika. Kikiwa na Spectral, chombo cha kukagua maelezo ya API kwa kanuni, nitakipendelea zaidi, maana timu inaweza kuweka kanuni zake yenyewe.

4. Jua faili linakaa wapi. Baadhi huhifadhi kazi ndani ya kivinjari tu. Ukisafisha data zake, imekwenda. Uliza pia ni nini hutumwa nje. Kuzalisha msimbo kutoka Swagger Editor, kwa mfano, hupitia seva ya mtandaoni, na maelezo ya API ya benki hayapaswi kusafiri bila ruhusa.

5. Kitufe cha kujaribu API kikigoma, usikilaumu kihariri: kagua kwanza kama seva yako imeruhusu CORS, yaani maombi ya kivinjari kutoka tovuti nyingine.

6. Fomu ziheshimu faili lako. Fomu za kujaza humsaidia sana anayeanza, ila vihariri vingine huliandika upya faili zima kila unapohifadhi. Badilisha neno moja, kisha tazama Git. Ukikuta mistari mia imehama na maoni yako ya YAML yamefutika, tafuta kingine.