Mahitaji ya Binadamu Katika Maisha ya Ugenini

Wasomaji wengi watalikumbuka somo la shule ya msingi: mahitaji ya lazima ya binadamu ni chakula, mavazi na malazi. Somo hilo ni sahihi, ila halikutaja yote. Mwili huhitaji pia maji safi, usingizi na mwanga wa jua. Moyo nao huhitaji usalama, heshima na watu wa kuzungumza nao. Nyumbani, mengi ya haya yalitimizwa bila mtu kuyafikiria. Hapa Sydney hayana budi kutafutwa kwa makusudi.

Tuanze na jua. Ngozi ikipata jua, mwili hutengeneza vitamini D, ambayo huimarisha mifupa. Mkulima wa Kivu au mchuuzi wa Mombasa huipata akiwa kazini mwake. Anayefanya kazi kiwandani usiku, kisha akalala mchana kutwa, huenda asiipate ya kutosha, hasa majira ya baridi, Juni hadi Agosti. Ni ajabu kidogo katika mji unaosifika kwa jua lake. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani, na mavazi ya kujisitiri huizuia nuru. Hakuna anayetakiwa kubadili mavazi yake: mweleze daktari, naye ataamua kama unahitaji kupimwa damu au kupewa vidonge. Mjamzito asichelewe kuuliza, kwani mtoto mchanga hutegemea akiba aliyoipata kwa mama yake.

Hitaji la wenzi halipimwi kwa damu. Kwetu, jirani hupiga hodi, akaketi, akatambua kuwa unaumwa kabla hujamwambia. Katika fleti ya Auburn au Blacktown, mzazi mwenye mtoto mchanga aweza kumaliza siku nzima bila kusemezana na mtu mzima. Upweke si aibu, wala si upungufu wa imani. Usingizi ukipotea, au hamu ya chakula ikikatika kwa majuma mawili, mwone daktari kama ambavyo ungemwona kwa homa.

Lipo pia suala la fedha zinazotumwa kwa jamaa. Huo ni wajibu wenye heshima, nasi hatuupingi. Lakini mtu anayeruka dawa zake za presha au kisukari ili atume zaidi anahatarisha uhai wake, na pamoja nao riziki ya wale wanaomtegemea. Kabla ya kuacha dawa, muulize mfamasia kama ipo ya aina hiyo hiyo kwa bei nafuu. Mwenye kadi ya Health Care Card hulipa kidogo zaidi.

Katika hospitali za umma, mkalimani hatozi chochote. Mwombe mapema, wala usimtwishe mtoto wako kazi hiyo. Kwa simu, piga 131 450 na utamke "Swahili". Maisha yakiwa hatarini, piga 000.