Usikimbie dispensari kwa kuogopa maumivu



Wapo watu wanaokatwa na jiwe kazini, wakafungwa kidonda mara moja, wakaumia siku ya kubandua kitambaa, wasirudi tena. Toka Kataki mpaka Lubuye utawasikia: "Kitapona chenyewe." Kidonda kinatunga usaha, na pengine kidole kinapotea. Anayekimbia sindano ya pepopunda anacheza na kifo.

Kusema "ninaumia" si woga. Maumivu hupunguzwa, nanyi mnaweza kumsaidia mganga hivi:

1. Sema mapema. Kama uliwahi kuzimia kwa sababu ya sindano, mwambie mganga akulaze kwanza. Uliza atafanya nini. Patana naye kwamba ukiinua mkono usio na kidonda, atasimama kidogo.

2. Kitambaa kilichoshikana na kidonda kisivutwe kikavu. Kiloweshwe kwa maji safi ya chumvi ya dispensari, mngoje kilainike. Uliza pia kama unaweza kumeza paracetamol nusu saa au saa moja kabla.

3. Wakati wa kushonwa, sindano ya ganzi huchoma kidogo. Ngoja dakika chache ifanye kazi. Utasikia kuvutwa, lakini usisikie kuchomwa. Ukichomwa, sema, dawa yaweza kuongezwa.

4. Wakati wa sindano, legeza mkono, vuta pumzi polepole. Ukikohoa mara moja sindano inapoingia, uchungu waweza kupungua. Kama kutazama kunakutia hofu, geuza uso.

5. Kwa watoto: mwaka 2015 OMS, shirika la afya la dunia, lilishauri mtoto anayechanjwa ashikwe na mzazi wake, na anayenyonya anyonyeshwe kabla au wakati wa sindano. Mkubwa kidogo, mwongeleshe au mwimbie. Usimdanganye kwamba hataumia, mwambie: "Itauma kidogo, kisha itaisha, nami niko hapa."

Tena, wazazi, acheni kutisha watoto kwa kusema: "Ukilia, mganga atakupiga sindano!" Mtoto huyo, siku akiwa na homa kali, atawaficha ugonjwa wake. Akiwa mtu mzima atakuwa yule anayeficha kidonda chake ndani ya kiatu.

Basi, mwenye kidonda kilichofungwa, usipoteze siku uliyopewa. Rudi, na useme unapoumia.