Mikono ya Wazee: Tuilinde Ngozi, Tusiichubue

Linganisha ngozi ya mgongo wa kiganja na ile ya upande wa ndani wa mkono, karibu na kwapa. Umri wake ni mmoja, lakini ya kwanza imekauka, ina makunyanzi na mabaka. Ya pili bado ni laini. Basi si miaka peke yake inayoichosha ngozi. Busia na Tororo, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, ziko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta, na jua la huko ni kali mwaka mzima. Mikono inayolima, inayomenya mihogo na kufua kwa sabuni ya kipande hupoteza mafuta yake kila siku, na ngozi ya mzee, ambayo ni nyembamba na hutoa mafuta kidogo, huchelewa kuyarudisha.

Wapo wasemao kuwa ngozi nyeusi haidhuriwi na jua. Weusi hupunguza madhara, hauyazuii yote. Ndiyo maana shati la mikono mirefu na kazi ya shamba ya asubuhi mapema vina faida. Wengine husema matunzo ni ya wenye pesa. Lakini mafuta ya kawaida ya mgando yanatosha: suuza sabuni yote, jikaushe bila kusugua, kisha paka kidogo mikono ikiwa bado na unyevunyevu, ili maji yaliyomo kwenye ngozi yasikauke. Tena kuna wanaoona makunyanzi ni heshima ya uzee. Ni kweli, na hakuna haja ya kuyafuta. Tunachozuia ni mipasuko, kwa kuwa hapo ndipo vijidudu hupenyea.

Hatari kubwa ni kutafuta dawa ya mabaka katika mkorogo. Krimu hizi za kuchubua huweza kuwa na zebaki, ambayo hudhuru figo, au steroidi kali, ambazo huifanya ngozi izidi kuwa nyembamba. Mzee akipakwa hizo, ngozi yake huchanika hata kwa kugongwa kidogo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa 2013 unapinga vipodozi vyenye zebaki, lakini mkebe usioonyesha viambato hauwezi kukuambia una nini. Usiununue, uuzwe upande wowote wa mpaka.

Kidonda kisichopona, doa linalobadilika au baka lisilohisi mguso halitibiwi kwa mafuta. Mpeleke mzee kituo cha afya mapema, hasa akiwa na kisukari.