Mega zipo, lakini inazunguka tu

Nina meza ya kutengenezea simu huku Bwiza, Bujumbura, na kabla ya meza hiyo nilikuwa fundi wa minara. Ungedhani neno ninalolisikia zaidi ni "kioo kimepasuka". Hapana. Ni "inazunguka tu". Mtu anaiweka simu mbele yangu, kile kiduara kinazunguka katikati ya kioo, naye anauliza swali ambalo moyoni ameshalijibu: fundi, nihamie kampuni gani? Haya hapa ni maswali yanayorudi kila wiki, na majibu ninayoyatoa siku ambazo foleni si ndefu.

Nauza vitenge Ruvumera, nakaa Buyenzi. Wateja wangu wako Uvira na Kigoma, na kila jioni nawatumia video za mzigo mpya. Simu inaandika 4G, vijiti vimejaa vyote, lakini video moja inakaa dakika nne. Kampuni inanidanganya?

Vijiti havikudanganyi, mama, ila vinajibu swali ambalo hukuuliza. Vinakuambia simu yako inausikia mnara vizuri kiasi gani. Havikuambii ni watu wangapi wanaoongea na mnara huohuo saa hiyo.

Fikiria bomba la mtaani. Maji yanatoka kwa nguvu, kila mtu anayaona, lakini mbele yako kuna madumu sitini. Upande mmoja wa mnara wa 4G, ukipewa masafa ya megahezi 10, kwenye karatasi unatoa kama megabiti 75 kwa sekunde. Hizo ni za watu wote wa upande ule kwa pamoja. Wakiwa watu mia wanavuta kwa wakati mmoja, hata megabiti moja kamili kwa kila mtu haifiki, na hapo nimehesabu kana kwamba kila mmoja amesimama mahali pazuri. Video yako ya megabaiti 8 ni megabiti 64, kwa sababu baiti moja ni biti nane. Piga hesabu mwenyewe. Sasa kumbuka Buyenzi ilivyojengwa: ua mmoja una familia tano au sita, kila kijana ana simu, na wote wamerudi nyumbani kati ya saa moja na saa nne usiku.

Kipimo chake hakina gharama. Siku moja amka saa kumi alfajiri, tuma video ileile. Ikienda mbio, ujue tatizo ni foleni, na hapo kuhamia kampuni yenye wateja wachache mtaani kwako kunaweza kukupa nafuu. Nafuu hiyo ina siku zake. Nimeshaona mtaa mzima ukihamia kwenye laini "inayokimbia", na baada ya miezi michache laini ile ikawa ndiyo inayozunguka, huku ile iliyoachwa imepata nafasi.

Ofisini Rohero mtandao ni mzuri. Nikifika nyumbani Kanyosha unakuwa konokono. Laini ileile, simu ileile.

Mnara si uleule. Mji wetu umeanzia chini ziwani, kwenye mita 774 hivi juu ya usawa wa bahari, halafu unapanda vilima. Katikati mito imechimba mabonde: Ntahangwa, Muha, Kanyosha yenyewe. Nyumba iliyo bondeni inaweza kuwa mita mia tatu kutoka mnarani na bado isiuone, kwa sababu udongo umekaa katikati. Halafu masafa nayo hayafanani. Mawimbi ya megahezi 800 au 900 hufika mbali na hupenya ukuta. Yale ya 1800 na 2100 hubeba mzigo mwingi lakini hushindwa mapema, na zege ni adui yao mkubwa.

Usitazame vijiti, tazama namba. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa dBm, na ina alama ya kutoa. Ikiwa kwenye 4G ni -85, uko vizuri. Ikishuka kwenye -110, hata mnara ukiwa mtupu simu itahangaika, na betri utaiona inavyoisha. Toka uani, soma tena. Kama uani ni -92 na chumbani ni -112, kampuni usiilaumu sana, ukuta wako ndio unaokula mega.

Umeme ukikatika na mtandao unaondoka. Mbona jirani wa kampuni nyingine anaendelea?

Swali hili nalipenda, maana hapa ndipo kuhama kunapokuwa na maana ya kweli.

Mnara hula umeme mchana na usiku. REGIDESO ikikata, mnara unahamia kwenye betri, na betri zikichoka ndipo jenereta inapotakiwa iwake. Jenereta inataka mazuti. Mkazi wa Bujumbura sina haja ya kumsimulia habari za mafuta miaka hii, foleni za magari kwenye vituo ameziona, wengine wamelala humo. Mnara usipojazwa mafuta unazimika kama gari lolote.

Wengi hawajui kinachofuata. Mnara ukizimika, simu zake hazilali. Zinakimbilia mnara wa jirani, ule ambao ulikuwa na madumu sitini, sasa una mia na hamsini. Kwa hiyo unaweza kuwa mtaa wenye umeme, mnara wako unawaka, na mtandao ukafa kwa sababu ya giza la mtaa wa pili.

Jirani yako anaendelea kwa sababu kampuni yake, kwenye mnara ule unaomhudumia, ina betri nzima au ina sola. Sisemi kampuni nzima, nasema mnara ule. Mahali pengine kampuni mbili zimetundika antena kwenye mlingoti mmoja na zinategemea jenereta moja, na hapo kuhama ni kubadili chumba ndani ya nyumba inayovuja. Umeme ukikatika mara mbili tatu, zunguka uulize majirani: nani bado yupo hewani? Andika. Baada ya mwezi utakuwa na jibu ambalo hakuna tangazo litakalokupa.

Nikilalamika naambiwa "ni waya wa baharini". Sisi Warundi bahari tunayo?

Hatuna, na ndiyo maana waya huo unatuhusu zaidi. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, lakini kwenye hesabu hii haimo. Zamani Burundi iliongea na dunia kwa satelaiti zilizo kilomita 35,786 angani, na sauti ikienda na kurudi unahesabu zaidi ya nusu sekunde ya kimya. Waliokuwa wakipiga simu Ulaya wanakumbuka wawili wanavyoanza kuongea pamoja, kisha wote wananyamaza. Halafu nyaya za baharini zikafika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na huku ndani mkongo wa taifa, ule wa Burundi Backbone System, ukatandazwa hadi mipakani ili tuungane kupitia majirani. Kwa hiyo ukifungua ukurasa ulioko Ufaransa, ombi lako linatoka mnarani, linapita kwenye mkongo, linavuka mpaka, linatafuta Dar es Salaam au Mombasa, ndipo linaingia majini.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikaona kiduara. Wiki ile meza yangu ilijaa watu waliotaka kubadili laini. Niliwarudisha nyumbani. Kama njia imeziba kwa wote, kubadili basi hakukufikishi mapema. Wanaonufaika siku kama zile ni wateja wa kampuni iliyolipia njia ya akiba, na njia ya akiba inalipiwa kwa dola, sawa na antena na betri. Uhaba wa dola nchini unaujua.

Dalili ya ugonjwa wa mbali ni hii: YouTube inacheza vizuri, tovuti ya chuo huko nje haifunguki. Video zinazopendwa sana huhifadhiwa nakala kwenye kompyuta zilizo karibu nasi, ndizo hizo zinazocheza. Tovuti ndogo lazima ifuatwe ng'ambo. Ukiona hivyo, mnara wako hauna kosa.

Inaweza kuwa simu yangu ndiyo mbovu?

Inaweza, na nitajitolea mfano mwenyewe ingawa ni aibu kwa fundi. Nilichoka na laini moja, nikanunua nyingine, nikaichomeka tundu la pili. Wiki tatu nikawa naitukana kampuni mpya. Siku moja, nikiwa nasafisha simu, nikakumbuka kwamba kwenye aina ile tundu la pili mwisho wake ni 3G. Nikazibadilisha laini nafasi, ya chini ikaenda juu, ya juu ikaja chini. Wiki tatu za matusi zikaisha kwa sekunde kumi.

Kadi ya laini yenyewe pia huzeeka. Kadi ya miaka mingi, iliyotolewa kabla ya 4G, mara nyingi haiingii 4G hadi ubadilishiwe dukani, na nambari inabaki ileile. Tazama vilevile kama programu zinajisasisha zenyewe nyuma ya mgongo wako, na kama bando ulilonunua ni la WhatsApp peke yake. Mwenye bando la namna hiyo huja kwangu kila Jumamosi.

Nipimeje bila kumaliza mega?

Programu za kupima kasi hula sana, na kadiri mtandao unavyokuwa mzuri ndivyo zinavyokula zaidi. Kipimo kimoja kinaweza kumeza megabaiti hamsini, mia. Pima mara tatu: asubuhi, mchana, saa mbili usiku, ukiwa umeketi mahali pamoja, basi inatosha. Ukiwa huna mega za kuchezea, tumia video moja ileile na saa ya ukutani. Kampuni mbili zilinganishe kwa simu moja, ukiichomoa laini na kuingiza nyingine. Ukizipima kwa simu mbili, utakuwa unashindanisha simu.

Nikihama napoteza nini?

Kenya waliruhusu mtu kuhama na nambari yake tangu 2011, Tanzania tangu Machi 2017. Huku kwetu watu bado wanakutambua kwa tarakimu za mwanzo: akiona 79 anasema huyu ni wa Econet Leo, 68 huyu ni wa Lumitel, 77 huyu ni wa Onatel. Ila nambari si kitu peke yake. Kuna pesa iliyoko Lumicash au EcoCash, kuna mteja wa Uvira aliyekuandika kwenye daftari mwaka 2019, kuna akaunti zinazokutumia namba za siri kwenye laini ya zamani. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa. Ndiyo maana simshauri mtu ahame. Namshauri aongeze. Laini ya zamani ibaki ya simu na pesa, mpya iwe ya mega, na ile ya mega ndiyo uibadilishe kama soksi. Malalamiko mazito, ya kukatwa mega usizotumia kwa mfano, yapeleke kwanza dukani kwa kampuni, usiposikilizwa nenda ARCT, wadhibiti wa mawasiliano nchini, ukiwa na tarehe na picha za kioo.

Na Starlink?

Ipo Burundi tangu Septemba 2024. Satelaiti zake ziko chini, kilomita 550 hivi, ndiyo maana haina ule ukimya wa zamani. Kwa shule au ofisi ya watu kumi ni jambo la kufikiria. Kwa mtu mmoja wa Nyakabiga anayetaka kutuma video tatu jioni, ni kununua lori la kubebea kilo mbili za mchele. Na sahani yake nayo inataka umeme.

Fundi, yote hayo sawa. Nitajie jina la kampuni.

Nitajie barabara unayokaa, na kama kitanda kiko upande wa ziwa au upande wa mlima.

Yule mama wa vitenge alikasirika nilipomjibu hivyo. Alitaka jina. Nikamwazima laini mbili nilizonazo mezani, nikamwambia akae nazo wiki moja. Aliporudi alikuwa na karatasi iliyokunjwa, ameandika kwa kalamu ya bluu saa na dakika za kila video. Kampuni aliyotaka kuihamia ilikuwa ya mwisho. Ya kwanza ilikuwa ileile yake ya siku zote, mradi aitumie akiwa amesimama kwenye kizingiti cha jiko, mgongo ameupa ukuta wa jirani, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Laini zangu amerudisha moja. Nyingine anasema anaipima bado.