Filamu za Katuni Zina Somo kwa Mzazi Pia

Likizo inapofika, watoto wengi hushinda mbele ya runinga wakitazama filamu za katuni. Mzazi hufurahi kwamba wametulia, naye akaendelea na shughuli zake. Lakini mzazi akiketi na kutazama pamoja nao atagundua kwamba nyingi ya filamu hizo zinamhusu yeye. Zinauliza hivi: mtoto akitaka kufuata njia ambayo mzazi hakumchagulia, mzazi afanye nini?

Swali hili si la filamu peke yake. Mwaka wa 2025, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipokuwa Gredi ya 9, walitakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari pevu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi ya Jamii; au Sanaa na Michezo. Mtoto wa miaka 14 au 15 anataka Sanaa, baba anataka Sayansi, na nyumba haina amani. Sisi madaktari tunaohudumu mitaa kama Mutuini huletewa mtoto analalamikia tumbo au kichwa. Vipimo havionyeshi ugonjwa, lakini akihojiwa polepole, mvutano wa nyumbani hujitokeza.

HOFU NI YA NANI?

Tuchukue mifano mitatu. Katika Finding Nemo (2003), samaki Marlin humzuia mwanawe kuogelea mbali kwa sababu mkewe na mayai yao yote, isipokuwa moja, yaliangamizwa na samaki mkubwa. Katika Moana (2016), baba anamkataza binti kuvuka miamba ya bahari kwa sababu rafiki yake mwenyewe alizama huko ujanani. Katika Coco (2017), ukoo wa mafundi wa viatu nchini Mexico umepiga marufuku muziki kwa sababu mzee mmoja aliondoka na gita lake asirudi. Baadaye inabainika kwamba alitaka kurudi, ila aliuawa.

Katika filamu zote tatu, marufuku haikuletwa na kosa la mtoto. Imetokana na kidonda cha mkubwa ambacho hakijapona. Hata kwetu ndivyo ilivyo. Mzazi aliyekatiza masomo kwa kukosa karo hutaka mwanawe awe daktari. Aliyemwona nduguye mwanamuziki akihangaika hadi uzeeni hataki kusikia habari ya gita. Hofu hizo zina msingi. Kosa ni kwamba mtoto hasimuliwi kisa chenyewe, huambiwa tu "hapana".

MWILI HUSEMA

Katika Encanto (2021) yumo msichana Luisa, mwenye nguvu za ajabu, ambaye jamaa yote humtwika mizigo. Halalamiki, lakini jicho lake huanza kuchezacheza. Daktari huitambua dalili hiyo. Mtu akiwa na wasiwasi, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Zikizidi kwa muda mrefu, misuli hukaza, tumbo huvurugika, usingizi hupotea, na mtoto hushindwa kumakinika darasani.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Si yote yanayosababishwa na wazazi. Hata hivyo, mtoto aliyebadilika ghafla, anayejitenga, anayekataa chakula au aliyeacha michezo aliyoipenda asipuuzwe. Kwanza apimwe magonjwa ya kawaida kama upungufu wa damu na matatizo ya macho. Kisha asikilizwe.

KUACHILIA SI KUTELEKEZA

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kumkunja si kumvunja. Mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind, katika miaka ya 1960, alieleza aina tatu za malezi: ya amri tupu, ya kuachia kila kitu, na ya katikati, ambapo mzazi huweka mipaka lakini hueleza sababu na kusikiliza. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoonekana kumfaa mtoto zaidi. Marlin naye aliifikia mwishoni: alisita, kisha akamruhusu mwanawe kuingia katika wavu kuwaongoza samaki wengine wajiokoe, huku yeye akiwa karibu.

Filamu zina kasoro yake. Ugomvi wa miaka huisha kwa saa moja na nusu, na kipaji hufaulu daima. Nyumbani kuna karo, kuna alama za mtihani, na kuna shule zisizokuwa na kila somo. Kwa hivyo:

1. Mweleze mtoto kisa cha hofu yako, si amri peke yake.

2. Tenganisha usalama na njia ya maisha. Dawa za kulevya na kuacha shule si mambo ya kujadiliana bei. Kati ya uchoraji na uhandisi, jadilianeni.

3. Mpe madaraka kidogo kidogo kulingana na umri. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, hasa sehemu ya kupima hatari.

4. Mruhusu ajaribu. Mtafutie mtu mzima anayeifanya kazi anayoitamani, amweleze uzuri na ugumu wake.

5. Usimlinganishe na ndugu yake wala mtoto wa jirani.

Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 nayo inataka mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, kulingana na umri na ukomavu wake.

Mtoto akitamka kwamba hataki kuishi, usimkemee wala kumwacha peke yake. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Childline Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 116.